Kuipima jini kavu ya Scotland: anza na maji

Swali: Nafanya kazi kwenye baa ya hoteli Aberdeen. Meneja ameniingiza kwenye kikundi cha watu wanne cha kuchagua jini mpya, na muuzaji katuachia chupa ya sampuli. Lebo yake inasema "Small Batch Scottish Craft Dry Gin", kilevi asilimia 43, mimea 12 ikiwemo hetha (kichaka cha maua cha vilima vya Scotland) na mwani. Chupa moja inaizidi kwa pauni 14 ile London dry tunayouza kila siku. Nikiinusa tupu naambulia ukali wa spiriti. Nikiitia toniki nasikia limau, basi. Wenzangu wanataja maua, chumvi ya bahari, hadi asali. Pua yangu ndiyo mbovu au wananizuga? Na hiyo "dry" maana yake nini, mbona ni majimaji kama nyingine?

Jibu:

Pua yako ni nzima, dada. Tatizo ni kwamba umeipima jini mahali pawili inapojificha vizuri kuliko pote. Ikinuswa tupu, dakika ileile ya kumiminwa, ethanoli, yaani kilevi chenyewe, hutangulia na kuitia pua ganzi, kinachofuata hakisikiki. Ikitiwa toniki, kuna sukari (toniki nyingi hubeba gramu 5 hadi 8 katika kila mililita 100), kuna gesi, kuna uchungu wa kwinini, na juu yake kuna kipande cha limau ulichokitumbukiza mwenyewe. Limau ulilolisikia huenda ni hilohilo lako.

Wenzako nao walisoma lebo kabla ya kunusa. Mtu akishaambiwa kuna asali, ataitafuta mpaka aipate.

Kabla hatujaendelea tuelewane kwenye jina: hapa tunasema jini hii, jini hizi. Jini huyu ana mtaalamu wake mwingine.

"Dry" haihusiani na umajimaji. Ni neno la watu wa mvinyo, maana yake haina utamu ulioongezwa. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2019/787, ambayo maelezo ya Uingereza yanafanana nayo kwenye hili, inaruhusu neno hilo kwa jini ambayo sukari iliyoongezwa haizidi gramu 0.1 kwa lita. Basi. Halisemi chochote kuhusu ubora. "London dry" ndiyo yenye masharti makali: ladha yote itoke kwenye kupika spiriti pamoja na mimea halisi ndani ya mtambo wa kuchemsha na kukusanya mvuke, kinachotoka mtamboni kiwe na kilevi kisichopungua asilimia 70, na baadaye kisiongezwe kitu ila spiriti ya aina ileile, maji, na ile sukari kiduchu. Rangi hairuhusiwi kabisa. Mji wa London wenyewe si sharti. Tanqueray na Gordon's, majina mawili makubwa ya London dry, yamekuwa yakipikwa Cameronbridge, huko Fife, kusini mwako, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990.

Sasa itazame tena lebo yako. Imeandika "Dry Gin", neno London halimo. Huenda mpishi hakujali tu. Huenda pia ladha fulani imeingizwa baada ya kupika, jambo ambalo sheria inaliruhusu kwa jini ya kawaida na halina aibu. Jini ya Hendrick's, ya Girvan hukohuko Scotland, hupikwa kwa mimea 11, kisha hutiwa waridi na tango baadaye. Ndiyo maana haiitwi London dry, na imeuzika dunia nzima. Muulize muuzaji wazi: kuna kilichoongezwa baada ya mtambo? Spiriti ya msingi mnaipika wenyewe au mnanunua? Wengi hununua spiriti safi ya nafaka yenye kilevi cha asilimia 96, na si dhambi. Jibu la kukwepakwepa ndilo linalostahili kukutia shaka.

Neno "craft" halina tafsiri ya kisheria. "Small batch" vilevile. Na idadi ya mimea isikubabaishe: Tanqueray inajulikana kwa mimea minne tu, The Botanist ya kisiwa cha Islay ina 22 ya kuchumwa kisiwani juu ya 9 ya msingi. Zote mbili zinasimama. Mimea 12 inaweza kuwa okestra, inaweza kuwa mchuzi uliotiwa kila kilichokuwa jikoni.

Kazi yenyewe ifanyeni asubuhi, saa nne au saa tano, kabla ya chakula cha mchana. Asiwepo aliyetoka kunywa kahawa au kupiga mswaki, asiwepo aliyejipulizia manukato, na mikono isinukie sabuni. Tafuteni glasi ndogo zenye tumbo na mdomo uliobana, zile za kuonjea wiski. Aberdeen hamwezi kuzikosa. Ile glasi kubwa ya duara mnayouzia jini na toniki ni nzuri kwa barafu, kwa pua haifai. Kwa kila jini mtu awe na glasi mbili, sosa za kufunikia, mkebe wa kutemea, biskuti zisizo na chumvi, na maji ya chupa yenye madini machache, yaliyokaa kwenye joto la chumba. Jini nayo isitoke kwenye friji. Baridi hufunga harufu, na ndiyo hila ya kwanza ya kuuzia jini mbovu.

Halafu wekeni shahidi. Bila chupa ya kulinganishia, kila jini itaonekana nzuri au mbaya kulingana na mlivyoamka. Itumieni ileile London dry yenu ya kila siku, kwa sababu ndiyo itakayong'olewa rafuni. Kama mnataka shahidi wa kitabuni, Beefeater inatosha: mimea tisa inayolowekwa kwenye spiriti kwa saa 24 kabla ya kupikwa, juniperi (beri zinazoipa jini ladha yake kuu) mbele, hakuna fumbo. Mtu asiye kwenye kikundi amimine, aandike herufi chini ya glasi, na chupa zifichwe.

Glasi ya kwanza ya kila jini iwe na jini tupu bila maji, mililita 20. Ya pili ndiyo ya kazi: ikate mpaka asilimia 20. Hesabu yake ni rahisi: mililita za jini zidisha kwa asilimia yake, gawanya kwa 20, jibu ndilo jumla inayotakiwa glasini. Kwa sampuli yako, 25 mara 43 gawanya kwa 20 ni karibu 54, kwa hiyo unaongeza mililita 29 za maji. Shahidi akiwa na asilimia 40, jumla ni 50, unaongeza 25. Maji na kilevi vikichanganyika hujibana kidogo na hesabu haikai kamili, ila kwa pua inatosha. Tumia bomba la sindano la plastiki au mizani ndogo. Ukikadiria kwa macho, utakuwa unalinganisha nguvu ya kilevi ukidhani unalinganisha ladha.

Kwa nini asilimia 20? Mafuta ya mimea hupenda kilevi na huyakimbia maji. Spiriti ikiwa kali huyakumbatia. Ukiongeza maji yanakosa pa kushika, yanapanda juu, na wakati huohuo ule ukali unaochoma umepungua kwa nusu. Wachanganyaji wa wiski wa hukohuko Scotland hunusa kwa kiwango hicho kila siku. Hapo ndipo utaishangaa pua yako.

Glasi iliyokatwa inaweza kufifia na kuwa na ukungu wa kibuluu. Ni mafuta hayohayo yakijitenga, hasa ya juniperi, maganda ya machungwa na shamari. Kwenye asilimia 20 si kosa, na wapishi wadogo wengi hawachuji sana kwa makusudi ili wasipoteze ladha. Ukungu ukiwa ndani ya chupa kwenye joto la chumba ni hadithi nyingine: mpishi kazidisha mimea au kaikata spiriti haraka mno. Na kama unatokea kila mara barafu inapoingia, jueni kuna mteja atakayeirudisha glasi kaunta akisema imeoshwa vibaya.

Funika glasi kwa dakika tatu. Funua, leta pua ukingoni, usiizamishe, mdomo ukiwa wazi kidogo. Vuta mara mbili fupi, ondoa. Pua ikichoka, nusa mkono wa shati lako, pumzika dakika moja. Zile punje za kahawa za kusafishia pua waachieni wauza manukato.

Unatafuta juniperi kwanza. Wengi wa Afrika Mashariki wanadhani hawaijui harufu hii, kumbe wamelelewa na ndugu yake. Chukua punje ya ubani mzuri wa Oman au Somalia kabla hujaitia kwenye chetezo, ivunje kwa kucha, inuse. Ule ubichi wa utomvu, mkali kidogo, wenye ndimu kwa mbali, una alfa-pineni, kemikali ya harufu, ndani yake, na alfa-pineni ndiyo kwa kawaida huongoza kwenye mafuta ya beri za juniperi. Mti wa juniperi wenyewe ni ukoo mmoja na mtarakwa wa milima ya Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Nairobi kuna jini, Procera, iliyochukua jina na beri za mtarakwa huo. Sheria ya Ulaya inadai juniperi ya kaskazini, Juniperus communis, na inadai pia iwe ndiyo ladha inayotawala.

Kutawala ndilo neno la kupimia. Juniperi isiwe harufu ya mlangoni tu. Nusa sasa hivi, nusa tena baada ya dakika tano, kisha baada ya robo saa. Kwenye jini kavu iliyopikwa vizuri, dakika ya kwanza utasikia msonobari na ganda la limau vikigombania mlango. Baadaye limau linachoka na juniperi inabaki, imetulia, na nyuma yake mizizi inaanza kujitokeza. Kwenye jini ya mapambo, robo saa ikipita unabaki na maua au peremende, na mgongo hauonekani. Andika kwenye karatasi saa ngapi juniperi ilipotea. Ni kipimo kibaya kwa mshairi lakini kizuri kwa mnunuzi.

Nyuma ya juniperi kwa kawaida kuna mbegu za giligilani, dania kwa Wakenya, ambazo ndizo za pili kwa wingi kwenye mapishi mengi. Mafuta yake yamejaa linalooli, kemikali nyingine ya harufu, na ukali wake unafanana na ndimu yenye pilipili kidogo. Wengi huiita limau kumbe hakuna limau. Kisha mizizi: anjelika, inayokumbusha udongo mkavu na mbao za kabati la zamani, na irisi, inayonukia poda, ambayo hukaushwa na kuhifadhiwa miaka kadhaa kabla ya kutumika. Mizizi haipigi kelele. Kazi yake ni kushikilia harufu nyepesi zisipeperuke, na utaijua zaidi inapokosekana: jini inaanza vizuri, inakatika katikati kama redio iliyoishiwa betri. Iliki, mdalasini na karafuu wewe huhitaji kufundishwa. Zitafute kama unavyozitafuta kwenye pilau: ukiweza kuinyooshea moja kidole mara tu glasi inapofunuliwa, imezidi. Iliki ndiyo mkosaji mkubwa, maana punje chache zinatosha kumeza mtambo mzima.

Sasa tuwaamue wenzako. Anayesema amesikia chumvi ya bahari, mpe hesabu hii: chumvi haipandi na mvuke. Chemsha maji ya bahari, yakamate matone chini ya kifuniko, yaonje, hayana chumvi. Mwani ukipikwa mtamboni hauwezi kuacha chumvi ndani ya jini. Kinachoweza kupanda ni harufu ya ufukweni, ile ya mwani uliotandazwa ukaukie juani Paje au Jambiani, inayotokana na misombo ya salfa iliyo myepesi sana. Mtu mwenye pua nzuri anaweza kuisikia, na ubongo ukamwongezea chumvi bure. Jini ya Isle of Harris, inayouzwa tangu 2015, imejijenga juu ya mwani wa aina ya sukari-kelpu, na ladha yake ni ya pwani bila kuwa ya maji ya chumvi. Kama sampuli yenu ni ya chumvi kweli ulimini, kuna mtu kaitia baada ya kupika, nawe una swali la kumuuliza muuzaji.

Uchachu vilevile. Beri za mti wa rowani, ambazo jini ya Caorunn ya kiwanda cha Balmenach imechukua jina lake kwake kwa Kigaeli, ni chachu ukizitafuna, lakini asidi zake hubaki chunguni. Rangi nayo hubaki. Kitu chochote chenye rangi au uchachu ndani ya chupa kimeingia kwa mlango wa nyuma.

Asali inawezekana zaidi. Maua ya hetha yana harufu ya asali hafifu sana, na huishi vizuri zaidi pale mimea inapowekwa kwenye kapu juu ya chungu ili mvuke upite katikati yake, kuliko inapolowekwa na kuchemshwa pamoja na spiriti. Kuloweka huleta uzito na mafuta. Kapu huleta wepesi na maua. Lakini kabla ya kuikubali asali, ondoeni shaka ya sukari. Mimina kijiko kimoja cha chai cha jini kwenye kisahani cheupe kilichosuuzwa vizuri, kiache mahali pasipo moto mpaka kesho. Jini yenye gramu 0.1 kwa lita itaacha nusu ya miligramu, yaani hakuna kitu cha kuonekana. Yenye gramu 10 kwa lita itaacha miligramu 50, na kidole kitanata. Alama nyeupe isiyonata ni madini ya maji, iacheni.

Utamu unaweza kuwepo bila sukari, na hapa watu hukosea sana. Anetholi, kemikali ya harufu ya shamari na anisi, hupanda na mvuke na ni tamu ulimini kwa asili yake. Urukususu, kinyume chake, ukitafunwa ni mtamu ajabu, ila kitu kinachoutia utamu hakipandi. Kinachovuka ni harufu tu. Kwa hiyo mtu akisema "utamu huu ni wa urukususu" kwenye jini iliyopikwa, msahihishe kwa upole.

Onja kwanza glasi iliyokatwa, mililita 5, isukutue mdomo mzima kwa sekunde kumi, tema, vuta pumzi kwa mdomo uitoe kwa pua. Sasa rudia na glasi ya jini isiyotiwa maji, kiasi kidogo zaidi. Tofautisha kuwaka na kupasha: jini safi ya asilimia 43 hupasha kifua, chafu huchoma ncha ya ulimi na kukwangua koo. Baada ya kutema, hesabu. Juniperi na mizizi vikauke juu ya ulimi kwa sekunde 20 au zaidi, kwa uchungu mwembamba. Kinachobaki kikiwa utamu mtupu, au kisibaki kitu, hapo pauni 14 zimeshindwa kujitetea.

Kuhusu makosa, harufu hukuambia mpishi aliteleza wapi. Mtamboni kinachotoka kwanza huitwa kichwa, kinachofuata moyo, mwisho mkia, na chupa inatakiwa ibebe moyo peke yake. Kwa jini, kichwa ni kidogo kuliko cha wiski au gongo kwa sababu spiriti ya msingi ilishasafishwa. Kazi kubwa ya kukitupa ni kusukuma nje mabaki ya mafuta ya mpiko uliopita yaliyoganda kwenye bomba la kupozea. Asiyekitupa anakupa harufu chafu ya mchanganyiko, juu yake pengine dawa ya kuondoa rangi ya kucha. Mkia ndio unaowaponza wapishi wadogo. Maganda na juniperi hutoka mapema, giligilani katikati, mizizi mwishoni, na baada ya mizizi yanakuja maji ya mimea iliyochemka kupita kiasi. Mpishi anayehesabu kila lita ya kilevi anachelewa dakika chache kuufunga mtiririko, nawe unasikia kabichi ya jana, boksi lililolowa, majani ya chai yaliyosahaulika jikoni. Harufu hiyo haionekani kwenye glasi isiyotiwa maji. Inaibuka kwenye glasi iliyokatwa, baada ya dakika kumi. Kwa hiyo msiharakishe.

Ukisikia tapentaini au rangi ya ukutani, mshuku limau kabla ya juniperi: limonini, mafuta ya harufu ya maganda, ikikaa na hewa na mwanga huharibika. Pengine maganda yalikuwa ya zamani. Pengine chupa ya sampuli ilifunguliwa na muuzaji miezi minne iliyopita na imetembea naye kwenye gari. Tazama ujazo wake kabla ya kuihukumu. Ukisikia kuungua, mimea iligusa chuma cha moto ndani ya mtambo. Ukisikia ukali mtupu usio na jina, ama spiriti ya msingi ni ya bei rahisi, ama ilikatwa kwa maji leo na kujazwa chupani kesho. Mpishi makini huiacha itulie siku kadhaa au wiki mbili.

Sasa swali gumu ambalo vikundi vingi hulikwepa: je, mnaweza hata kuzitofautisha? Fanyeni jaribio la glasi tatu. Zote zikatwe asilimia 20, mbili ziwe za jini moja, moja ya nyingine, na kila mtu ataje iliyo peke yake. Kwa bahati tu mtu hupatia mara moja katika tatu. Kila mtu afanye mara sita, mpangilio ukibadilishwa, na mapumziko katikati. Anayepatia tano kati ya sita anasikia kweli, kwa sababu bahati ingempa matokeo hayo au bora chini ya mara 2 katika 100. Anayepatia mbili apumzike kutoa hotuba kuhusu hetha. Na kama hakuna hata mmoja wenu anayefika tano, wateja wenu hawatafika, hasa kwenye toniki.

Toniki ije hapo, mwishoni. Mililita 50 za jini kwa 100 za toniki, vipande vikubwa vya barafu ya maji visivyoanza kuyeyuka, bila limau, bila tango, bila tawi la kitu chochote. Kwa hesabu ya asilimia 43 mnaanza na kilevi cha kama asilimia 14. Mkiweka toniki 150, mnashuka chini ya 11, na jini nyepesi za kapu hufa hapo. Tumieni toniki ileile mnayouza, kwani uchungu hutofautiana sana kati ya chapa na chapa (magome ya mkwinini, kwa njia, mengi yanatoka Kivu, kwa hiyo Waswahili wa Bukavu wamo ndani ya glasi hii zamani). Onja mara moja, onja tena baada ya dakika kumi barafu ikishaanza kuyeyuka, maana mteja wa hoteli anazungumza kuliko anavyokunywa. Ikikaa, ndipo mjaribu pambo. Pambo ni la kusaidia jini iliyofaulu; likihitajika ili ifaulu, mnanunua matunda.

Baa yenu ikiuza martini, pikeni moja: 60 za jini, 10 za vamuthi kavu (mvinyo uliotiwa mimea), koroga na barafu sekunde 30, chuja. Hakuna sukari ya kujificha nyuma yake, na utajua ndani ya funda mbili.

Bei tuigeuze kuwa toti. Chupa ya mililita 700 inatoa toti 28 za 25, au 20 za 35. Pauni 14 ni peni 50 kwa toti ndogo, 70 kwa kubwa. Swali mbele ya meneja litakuwa hilo tu: mteja aliyepewa glasi mbili bila kuambiwa atalipa hiyo tofauti? Kwa kavu ya asilimia 43 iliyoshika juniperi mpaka robo saa, isiyo na mkia, na iliyosimama kwenye toniki ya 1 kwa 2, ningelipa. Kwa hadithi ya mwani, hapana. Hata juniperi yenyewe usidhani ni ya milima ya hapo. Zamani beri za Highlands ziliuzwa masokoni Inverness na Aberdeen zikapelekwa Uholanzi, lakini leo vichaka vya Scotland vimepungua na vinasumbuliwa na ugonjwa wa mizizi, na sehemu kubwa ya beri za wapishi wa jini inatoka Italia na nchi za Balkani.

Kabla ya kutia sahihi, ombeni chupa ya pili yenye namba tofauti ya mpiko. Namba huwa kwenye lebo, mara nyingi imeandikwa kwa mkono. Mitambo midogo huyumba, na beri za mwaka huu si za mwaka jana. Ziwekeni mpiko wa kwanza na wa pili kwenye jaribio la glasi tatu. Zikifanana, jazeni kichupa cha mililita 100 mpaka shingoni, kifungeni, kiandikeni tarehe, kaeni nacho kabatini gizani. Shehena ya kwanza ikifika, kifungueni mbele ya muuzaji mkailinganishe nacho.